Mgombea Ashindwa, Kanuni Zageuka: Tathmini ya Kampeni za Jesse Jackson

Wako wanafunzi wa siasa wanaopima kampeni kwa kipimo kimoja tu: nani kaingia Ikulu. Kipimo hicho ni cha mabepari wenyewe, nacho hupotosha uchambuzi. Tuchukue mfano wa Marekani.

Mwaka 1984 Mchungaji Jesse Jackson, mtu ambaye hadi wakati huo hakuwa amewahi kushika wadhifa wa kuchaguliwa, aligombea uteuzi wa urais katika chama cha Democratic. Alipata takriban asilimia 18 ya kura za mchujo, lakini fungu lake la wajumbe wa Mkutano Mkuu lilikuwa dogo zaidi. Hiyo haikuwa bahati mbaya. Katika majimbo kadhaa kanuni zilimwongezea mshindi wajumbe wa ziada na kumnyima aliyepata kura chache. Aidha, wakubwa wa chama waliingia mkutanoni kwa vyeo vyao, bila kupigiwa kura na mtu.

Jackson alirudi mwaka 1988. Aliwaunganisha Wamarekani weusi, wafanyakazi waliofungiwa viwanda na wakulima walionyang'anywa mashamba na mabenki, akapata karibu kura milioni 7. Alishindwa na Michael Dukakis. Lakini kwa nguvu ya kura hizo alidai mageuzi, na chama kikakubali kwamba kuanzia 1992 wajumbe wagawanywe kwa uwiano wa kura katika majimbo yote. Mwaka 2008 Barack Obama alishindwa California na New York, lakini aliondoka huko na wajumbe wengi, na hatimaye akapata uteuzi.

Hata hivyo, tusitie chumvi. Ahadi ya kupunguza wajumbe wa vyeo ilitenguliwa muda mfupi baada ya uchaguzi. Umoja uliozaliwa na kampeni hizo, Rainbow Coalition, ulimtegemea mno kiongozi mmoja. Haukuwa na matawi imara ya kulinda ulichokipata. Wajumbe hao hawakubanwa mpaka 2018, baada ya kampeni ya Bernie Sanders ya 2016. Na katika muda wote huo mabenki na viwanda vilibaki mikononi mwa wenyewe.

Somo kwa kada ni hili: kampeni ya mtu wa nje yaweza kufungua mlango uliofungwa. Lakini kura hupigwa siku moja, na wanaotaka kuufunga tena mlango hawalali. Bila umma uliojipanga, mageuzi ni mkopo tu. Mwenye nyumba ataudai.