Efa Moja ni Gorogoro Ngapi

Mama anayenunua maharagwe katika soko la Chwele haulizi bei kwanza. Anazamisha mkono hadi chini ya gunia, anatoa kiganja, anakipepeta, anatazama. Bei itafuata. Nawaza mkono huo kila ninapokutana na kikundi kinachojua kusoma Biblia, na huku Bungoma na Kitale havikosekani: kina mama wa kanisa la Friends, jumuiya ndogondogo za Wakatoliki, vijana waliorudi kutoka vyuoni na kalamu za rangi. Nchi ya Waluhya ina historia ndefu ya jambo hili. Wamisionari wa Friends walifika Kaimosi mwaka 1902, na waongofu wa mwanzo wakaitwa wasomi, kwa sababu kuamini na kujifunza kusoma vilikwenda pamoja.

Utaratibu wenyewe ni mfupi. Andiko linasema nini? Lina maana gani? Linatutaka tufanye nini? Mwalimu wa Marekani, Robert Traina, aliuandikia kitabu mwaka 1952, mwaka uleule Biblia ya Kiswahili ya Union ilipotoka. Ugumu ni kwamba swali la tatu ndilo tamu, na kila mtu analikimbilia. Kiongozi hodari ni yule anayewazuia watu kwenye swali la kwanza bila kuwachosha.

Chukua sura ya pili ya Ruthu, mistari 23 tu. Mtu husema mara moja: hii inatufundisha bidii. Huenda. Lakini kiongozi anauliza vitu vidogo. Nani alitoa wazo la kwenda shambani? Vidole vinashuka kwenye ukurasa: Ruthu mwenyewe, si Naomi mama mkwe wake. Aliomba ruhusa? Ndiyo. Alikuwa mrembo? Hapo wote hujibu ndiyo, maana mahubiri ya harusi yamemremba Ruthu miaka mingi. Onyesheni mstari. Kurasa zinafunuliwa mbele na nyuma, na mstari haupatikani, kwa kuwa kitabu kizima hakisemi neno juu ya sura yake. Kinachorudiwa ni kwamba anatoka Moabu. Mimi huheshimu sana kikundi kinachoweza kusema “andiko halisemi” na kuliacha jambo hapo. Wahubiri wengi hawajafika darasa hilo.

Kisha yako mambo ambayo mtaalamu wa mjini angeyapita na mkulima hapiti. Boazi, mwenye shamba, anamwambia Ruthu akiona kiu aende kwenye vyombo, anywe maji waliyochota vijana. Mwanamke aliyebeba mtungi kichwani tangu utotoni anasimama hapo. Maji wamechota wanaume, anakunywa mwanamke, tena mgeni, tena mwokota masazo? Hilo si pambo la hadithi. Mwandishi angeweza kusema tu kwamba Boazi alikuwa mkarimu. Badala yake ametuonyesha nani alichota na nani alikunywa.

Jioni Ruthu anapura alichookota, inapatikana kama efa moja ya shayiri. Ukisoma haraka, efa ni neno la kanisani, halina uzito. Wataalamu wengi wanaikadiria kuwa lita 22 hivi. Sasa watu wa soko wanaanza hesabu: gorogoro ni kopo la kilo mbili, kwa hiyo hizo si chini ya gorogoro saba. Kwa siku moja? Kwa kuokota masuke yaliyoanguka? Aliyewahi kufuata wavunaji shambani anajua haiwezekani, na shaka hiyo ndiyo inayowarudisha juu kidogo, kwenye amri ambayo Boazi aliwapa vijana wake kimya kimya, wachomoe masuke katika matita na kumwachia. Ruthu hajaambiwa. Naomi anaona mzigo na papo hapo anauliza: umeokota wapi leo? Naomi naye anajua kupima.

Kutoka hapo somo hubadilika, watu wanaanza kuuliza nani anajua nini. Msomaji ameambiwa tangu mstari wa kwanza kwamba Boazi ni ndugu wa mume wa Naomi. Ruthu anaingia shambani bila kujua. Naomi anajua, lakini hatamki undugu huo mpaka mstari wa 20. Na Mungu? Katika sura hii anatajwa katika salamu na baraka za watu, lakini msimulizi mwenyewe hasemi hata mara moja kwamba Mungu alifanya hiki au kile. Anasema tu kwamba Ruthu aliangukia kwenye shamba la Boazi. Ni ujasiri wa kiuandishi, nao hauonekani ukianza na “linatufundisha nini”.

Linabaki swali ambalo limewahi kumaliza jioni nzima: kwa nini Naomi hakumtaja Boazi asubuhi, mkwewe alipokuwa anatoka bila kujua aelekee shamba la nani? Wapo wanaosema aliona aibu, kurudi mikono mitupu mbele ya ukoo. Wengine wanasema uchungu wa kufiwa katika sura ya kwanza ulikuwa umemsahaulisha kwamba ana watu. Mimi naelemea kwa hawa wa pili, kwa sababu undugu anautaja baada ya kuiona shayiri. Ila mstari wa kunithibitishia sina, na kiongozi huuliza tena, kwa upole: umeusoma wapi, mzee?