Mzinga wa Kiberiti

Mwaka 2021 Neal Stephenson, mwandishi wa Marekani, alitoa riwaya aliyoiita Termination Shock. Kiini chake ni mzinga. Tajiri mmoja wa Texas, bila ya kumwomba mtu ruhusa, anauchimbia shimo refu ardhini, kisha anarusha angani makombora ya salfa, ile ambayo wazee waliijua kwa jina la kiberiti, ili ukungu wake upunguze mwanga wa jua na dunia ipoe.

Wazo lenyewe si la kubuni. Mwaka 1991 mlima Pinatubo wa Ufilipino uliripuka, ukamwaga angani mamilioni ya tani za gesi ya salfa, na joto la dunia likashuka kwa takriban nusu digrii. Wapenzi wa ushairi watakumbuka mfano wa kale zaidi: Tambora iliporipuka mwaka 1815, Ulaya ilikosa majira ya joto mwaka uliofuata, na katika kiza hicho Byron akatunga "Darkness". Byron hakuijua sababu ya kiza chake. Tajiri wa Stephenson anaijua, na ndiyo maana anatisha zaidi.

Katika mambo ya ufundi mwandishi ni hodari. Wahandisi aghalabu huzungumzia ndege kuliko mizinga. Lakini ndege za kawaida huruka kilomita 12 hivi, na salfa yatakiwa ifike kama kilomita 20, isipooshwa na mvua. Stephenson anaufanya mzinga wake uaminike. Kurasa hizo hazichoshi, ingawa habari za nguruwe wa Texas mwanzoni zingetosha nusu yake.

Udhaifu uko kwa watu. Wanaoalikwa kuutazama mzinga ni malkia wa Uholanzi na wajumbe wa Venice, London na Singapore: watu wa miji inayoiogopa bahari na yenye fedha. Wanaoishi kwa pepo hawamo. India inapohofia mvua zake, hofu hiyo anabebeshwa Laks, kijana wa Kalasinga kutoka Kanada, bingwa wa kupigana kwa fimbo. Hoja nzito ya mkulima ikageuka tamasha la mapigano.

Kwa msomaji wa mwambao hapa ndipo panapouma. Kusi na kaskazi huendeshwa na tofauti ya joto baina ya bara la Asia na Bahari ya Hindi. Mwenye kupunguza jua ameshika na tanga za wengine. Aidha, ukungu wa salfa haudumu zaidi ya mwaka mmoja au miwili. Ukikatizwa ghafla baada ya miaka mingi, joto lililozuiwa hurejea kwa kasi, na hilo ndilo jina la riwaya. Hewa ya ukaa nayo hubaki pale pale, ikizidi kuitia bahari tindikali na kuyadhoofisha matumbawe.

Mwaka huo huo wa 2021 Wasami wa Sweden walilikataa puto la majaribio la Chuo Kikuu cha Harvard kabla halijapaa. Mradi ukafungwa mwaka 2024. Walikataa kwa barua. Riwayani, upinzani wenye uzito huja kwa silaha.