Hongereni Mafundi Mnaoizuia Chumvi Isile Ndege

Msafiri wa Malolo anayepitia Ruangwa au Nachingwea kwenda kupanda ndege Mtwara humshukuru rubani akitua salama. Leo tuwapongeze wengine: mafundi wanaoosha, kukwangua na kupaka rangi mwili wa ndege.

Kazi hiyo si ndogo kwenye pwani yetu. Dar es Salaam, Zanzibar, Mafia na Mtwara, upepo wa bahari hubeba chumvi, nayo ikikutana na unyevu huila alumini. Hapo hutaona wekundu kama wa bati bovu. Rangi hufura vilengelenge, na unga mweupe hujitokeza kuzunguka ribiti. Fundi hodari huyaona hayo mapema. Huosha ndege kwa maji yasiyo na chumvi, hukwangua palipoliwa, hutia dawa ya kuzuia kutu, kisha hupaka praima na rangi ya juu. Rangi hiyo ni ngao kabla ya kuwa pambo.

Kutu ikipuuzwa, hatari yake ni kubwa: Aprili 1988, Boeing 737 ya Aloha Airlines, iliyozoea safari fupi katika visiwa vya Hawaii, ilifumuka paa ikiwa angani. Kutu na uchovu wa metali vilihusika, na mhudumu mmoja alipoteza maisha.

Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT), Dar es Salaam, hufundisha ufundi wa ndege. Vijana wa Malolo mnaopenda fizikia na kemia, kazi hii ni yenu pia. Nanyi mafundi mlioko karakanani, hongereni sana. Usalama wetu angani huanzia mikononi mwenu.