Santuri za Hayes

Mkishuka stesheni ya Hayes mtaona majengo ya zamani ya kiwanda cha santuri, mengine sasa yamegeuzwa makazi. Hapo palikuwa makao ya Gramophone, wenye nembo ya HMV iliyotoa santuri za Siti binti Saad zilizorekodiwa Bombay mwaka 1928. Mwaka 1931 waliungana na mshindani wao, Columbia, ikazaliwa EMI. Mwaka 2012 EMI nayo ikagawanywa: Universal wakachukua sehemu kubwa ya rekodi, Sony na wenzao haki za utunzi.

Husemwa kwamba msikilizaji hapotezi kitu, nyimbo ni zilezile. Sikubali. Milango ikipungua, msanii au fundi aliyekosana na tajiri mmoja hana pengine pa kupiga hodi, nasi tunasikia walichochagua wachache. Tembo wakipigana nyasi huumia. Wakipatana, huumia vilevile.