Pale Ubao Unapokutana na Jiwe

Katika nyumba za mawe za zamani jijini Nairobi, ukitaka kujua seremala alikuwa fundi kweli au alikuwa anakimbizana na jioni, tazama pembeni mwa dirisha. Mwashi alichonga mawe yake kwa nyundo na tindo, akayapanga safu juu ya safu, na nafasi aliyoliachia dirisha haikuwa mraba kamili. Seremala akaja na fremu iliyonyooka, pembe zake zimepimwa kwa guni. Fremu ikishasimamishwa kwa timazi, hubaki ufa unaoizunguka. Hapa unaingia kidole, pale hauingii ukucha. Ukiuziba kwa plasta peke yake umejisumbua bure. Plasta haishikani na mti, na mvua za msimu mmoja zikifuatwa na jua la msimu mwingine, itapasuka kufuata ukingo wa fremu kuanzia juu hadi chini.

Ndipo zinapoingia zile mbao bapa ambazo mafundi wa Nairobi huziita akitrevu: mbili za kusimama, moja ya juu, na chini ya dirisha kizingiti pamoja na ubao wa kukishikilia. Mgeni sebuleni huziona kama urembo, kama anaziona. Kumbe ndizo zinazopatanisha ukuta usiosogea na mti usiotulia, na zisipofanya kazi hiyo vizuri, hakuna rangi itakayozisaidia.

Watu husafiri hadi Lamu na Unguja kupiga picha milango ya nakshi, na milango ile inastahili kila picha. Lakini nimekuja kuamini kwamba dirisha la nyumba ya kawaida ya Parklands au Kileleshwa linastahili kutazamwa kwa uvumilivu uleule. Halina maua wala minyororo iliyochongwa. Uzuri wake wote uko kwenye mstari, kivuli na kiungo, na kiungo kikiwa kibaya hakuna nakshi ya kukificha.

Ufundi huu una wenyewe. Reli ilifika Nairobi mwaka wa 1899, na mji wa mwanzo ulikuwa wa mbao na mabati. Mawe yalifuata, na kufikia 1913 zilikuwa zimesimama Kipande House na ofisi ambayo baadaye ilijulikana kama ya PC, yaani mkuu wa mkoa, ile ambayo leo ni Nairobi Gallery. Maseremala wengi wa enzi hiyo walikuwa Wahindi, hasa Masingasinga wa jamii ya Ramgarhia, ambao useremala, uhunzi na uashi walirithi kwa baba zao. Waafrika walijifunza kando yao, kwanza kwa kushika upande wa pili wa msumeno. Wengine walifunzwa na wamishonari wa Kiskoti kule Thogoto, na wengine Kabete, katika chuo cha ufundi kilichoanzishwa na serikali ya kikoloni mwaka wa 1924 ambacho sasa ni Kabete National Polytechnic, kando ya Waiyaki Way. Fundi aliyefunzwa hivyo aliweza kulikamilisha dirisha la nyumba ya Lavington hadi likapendeza, lakini hakuruhusiwa kuishi humo. Jioni alibeba vyombo vyake akarudi Pumwani, au vijijini upande wa Dagoretti. Kila ninapopitisha mkono juu ya akitrevu ya zamani huwa nakumbuka hilo, kwa sababu jina la aliyeitengeneza halikuandikwa popote.

Nilipata nafasi ya kumtazama kwa karibu fundi mmoja mzee kutoka Kangemi akitengeneza upya dirisha la sebule katika nyumba ya vigae vyekundu huko Kileleshwa. Upande mmoja wa akitrevu ulikuwa umeoza kuanzia chini. Zilizobaki zilikuwa nzima. Kijana wake alikuwa tayari ameshika mtaimbo.

“Mzee, si tuzing'oe zote tuweke mpya?”

“Ukizivunja, nyingine kama hizi utanitolea wapi?”

Hakumkaripia. Alichukua kisu akapitisha ncha yake pale ubao unapogusana na plasta, mara mbili, mara tatu, mpaka tabaka za rangi za miaka mingi zikaachana bila kubanduka. Kisha akaingiza patasi kuukuu, nyuma yake akaweka kipande cha mbao ili ukuta usiumie, akawa anainua kidogo hapa, kidogo pale, bila kung'ang'ania mahali pamoja. Ubao ulipotoka, misumari ilikuwa bado imo. Kijana akataka kuigonga irudi ilikotoka. Mzee akaugeuza ubao, akaishika kwa koleo upande wa nyuma na kuivuta ipitie huko. Ukiugonga msumari urudi mbele, kichwa chake hutoka na nyuzi za mbao, na uso unabaki na donda litakaloonekana hata baada ya kupakwa rangi. Ukiuvuta kwa nyuma, tundu la mbele hubaki dogo kama lilivyokuwa.

Nyuma ya ubao ule palikuwa na jambo nililokuwa sijawahi kuliona. Haukuwa bapa. Katikati ulikuwa umerandwa ukaingia ndani kidogo, urefu wake wote, kingo mbili tu ndizo zilizobaki juu. Ukiubandika ukutani, kingo hizo ndizo zinazogusa, moja kwenye fremu na moja kwenye plasta, na vinundu vya plasta vilivyo katikati vinapata pa kukaa bila kuusukuma ubao. Seremala wa kwanza alifanya hivyo kwa mkono, mahali ambapo mwenye nyumba asingepaona kamwe, kwa sababu alijua ukuta ule haujanyooka.

Kazi ya ubao mpya ilianza kwa kupima, na hapo ndipo uzoefu unapojulikana. Fundi hapangi akitrevu ilingane na ukingo wa ndani wa fremu. Huirudisha nyuma kiasi cha milimita 5, kipande chembamba cha fremu kikabaki kinaonekana kuzunguka dirisha. Kingo mbili zikilingana, jicho litakamata hata kosa la nusu milimita, na ubao ukisogea kidogo tu kosa hilo litazaliwa lenyewe. Zikiachana, jicho linaona mstari wa kivuli na kuridhika. Bawaba nazo zinapata nafasi. Mstari huo mzee aliupiga kwa mahati, akiburura kichwa chake kwenye ukingo wa fremu. Pale ambapo angekata kiungo hakutumia penseli bali ncha ya kisu, kwa sababu mstari wa penseli una unene wake, na msumeno hauwezi kujua ukate upande gani wa unene huo.

Upande wa kulia wa dirisha ulikaribiana na meko ya mawe yaliyoachwa wazi, na hapo ubao ulipaswa kufuata kila bonde na kila uvimbe wa jiwe. Aliusimamisha kwa timazi, akaushika kwa misumari miwili isiyogongwa mpaka mwisho, akafungua bikari kiasi cha pengo kubwa kuliko yote. Mguu mmoja wa bikari ukatembea juu ya jiwe, mguu wa penseli ukachora ubaoni kila alichokutana nacho mwenzake. Halafu akakata kwa msumeno mwembamba akiulaza kidogo, ili nyuma kuliwe zaidi kuliko mbele na uso peke yake ndio uguse jiwe. Mara ya kwanza ulikaribia tu. Akatoa maranda mawili matatu kwa patasi, akaurudisha, akatazama mwanga unaopenya, akautoa tena. Kijana alikuwa ameketi kimya sasa. Mwisho ubao uliingia kwa kusukumwa na kiganja, bila nyundo, na nilipojaribu kupitisha kipande cha karatasi kati yake na jiwe, hakikupita.

Kuna ubishi wa zamani kuhusu kona za juu. Wengi hupenda kuzikata mshazari, digrii 45 kila ubao, mistari ya umbo ikakunja kona bila kukatika. Zikiwa mpya, zinavutia. Lakini ubao hunywea kwa upana wake na karibu haunywei kabisa kwa urefu, kwa hiyo Januari na Februari, hewa ikikauka, kiungo cha mshazari hufunguka upande wa ndani wa kona. Masika yakija, mbao zikivimba, huachana upande wa nje. Halafu kona yenyewe ya nyumba ya zamani huwa nadra kuwa digrii 90, na anayekata 45 kwa mazoea anakata kosa. Fundi anayejua huigawa pembe iliyopo kwa bikari, akaranda kila upande mpaka mbao zikutane. Njia nyingine, ambayo mimi naipenda zaidi, ni ya kulaza ubao wa juu juu ya vichwa vya zile mbili za kusimama, ukiwa mnene kidogo kuliko zenyewe na ukiwa na masikio yanayozidi kila upande. Ubao ukinywea au ukivimba, hakuna anayejua, maana hakuna mstari mmoja unaotakiwa kulingana na mwingine. Wanaosema hii ni njia ya mkato hawajafikiria nyumba itakuwaje baada ya miaka hamsini.

Nje ya dirisha mambo ni magumu zaidi, kwa kuwa huko maji hayabembelezwi. Kizingiti lazima kiinamie nje, na chini ya ukingo wake kuwe na mfereji mwembamba unaofuata urefu wake wote. Tone la mvua likitambaa chini ya ubao kuelekea ukutani, likifika kwenye mfereji huo hushindwa kuuvuka, likadondoka. Vizingiti vingi vilivyooza Kilimani na Lavington vilioza baada ya mfereji huo kujazwa rangi mwaka hadi mwaka na watu wasiojua kazi yake.

Mbao zenyewe ni hadithi nyingine. Katika nyumba za zamani utakuta mvule, podo, mkafuri wa mlimani, na mwerezi wa Kenya ambao ulichongewa pia penseli. Ukiuranda leo bado unatoa harufu. Miti hiyo ilikua polepole, na ndiyo maana ubao wake haupindi ovyo. Leo seremala wa Ngong Road au Gikomba mara nyingi anapata saiprasi ya shambani, iliyokatwa changa na kuuzwa kabla ya kukauka. Serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti misituni Februari 2018, bei zilipanda na wengi wakageukia mbao za kutoka nje na zile za unga uliogandishwa kwa gundi, ambazo zikilowa huvimba zisirudi tena. Wakati huohuo nyumba za zamani za Kileleshwa zinabomolewa kupisha maghorofa, na mvule wa miaka themanini unatupwa kwenye lori pamoja na kifusi.

Mzee wa Kangemi aliokota ubao wake mpya kwenye bomoabomoa ya namna hiyo, mvule uliokuwa fremu ya mlango. Aliupaka rangi ya kwanza pande zote nne, nyuma kwa ukarimu kuliko mbele, akauacha ukauke siku mbili kabla ya kuugongomea. Aliyekuwa na haraka ni mwenye nyumba.

Kwa hiyo kama una nyumba ya zamani huku magharibi mwa jiji na fundi anakuambia kwamba madirisha yote yatolewe yaletwe ya alumini, muulize kwanza jinsi anavyotoa msumari kwenye ubao anaotaka kuurudisha. Akisema anauvuta kwa nyuma, mpe dirisha moja la chumba cha nyuma aanze nalo, mlipe kwa siku na si kwa dirisha, na umwache afanye kazi yake.