Mirathi, Nasaba na Tafsiri: Uhakiki wa Istiari za Elimu ya Jeni

Wilhelm Johannsen wa Denmark alipoliunda neno jeni mwaka 1909, alikusudia istilahi isiyofungamana na nadharia yoyote. Kiswahili kimelipokea neno hilo bila taabu. Taabu imo katika maneno yanayolizunguka, kama vile kurithi, nasaba, kunakili na kutafsiri, kwani haya yaliingia darasani yakiwa na maana zao za kale. Yafaa kupima ni wapi maana hizo humwongoza mwanafunzi, na ni wapi humpoteza.

Neno kurithi ndilo linaloaminiwa zaidi, nalo ndilo lenye hatari zaidi. Katika mirathi, mali hupita kwa sababu ya mauti. Hugawanywa, na kila mgawanyo huipunguza. Na kwa mujibu wa sheria ya Kiislamu fungu la mwana wa kiume ni mara mbili ya fungu la binti. Urithi wa jeni hauna hata moja kati ya hayo. Mzazi hutoa angali hai. Hutoa nakala, wala yeye mwenyewe hapungukiwi. Na kila mtoto, wa kike kwa wa kiume, hupokea kromosomu 23 kwa baba na 23 kwa mama.

Neno vinasaba, ambalo siku hizi limeenea katika magazeti, limeundwa kwa ufundi mzuri wa ngeli. Hata hivyo lina kasoro mbili. Kwanza, hutumiwa kwa DNA na kwa jeni pia, yaani kwa kitu kizima na kwa sehemu yake. Pili, nasaba katika desturi ya pwani huhesabiwa kwa upande wa baba, ilhali DNA iliyomo katika mitokondria hutoka kwa mama.

Katika kunakili na kutafsiri, kinyume chake, Kiswahili kimefaulu. Ujumbe wa DNA hunakiliwa kwanza katika RNA kwa herufi zilezile, isipokuwa T hupisha U. Kisha ujumbe huo husomwa kwa vikundi vya herufi tatu tatu, navyo ni 64, ili kuunda protini kwa asidi amino 20. Msomaji wa miswada ya kale hahitaji kuelezwa tofauti hii: anayeuhamisha utenzi kutoka hati za Kiarabu hadi hati za Kirumi hubadili herufi, habadili lugha. Ila istiari hii nayo ina mpaka wake. Mfasiri huchagua neno, lakini ribosomu haina hiari. Tangu majaribio ya Nirenberg na Matthaei ya mwaka 1961 imejulikana kwamba UUU huleta fenilalanini.

Uzito wa suala hili huonekana katika selimundu. Istilahi hii yasifiwa kwa haki, kwa kuwa mundu huonekana machoni mara tu neno litamkwapo. Lakini hueleza umbo, haielezi chanzo. Chanzo ni herufi moja ya DNA, A iliyopishwa na T, hata valini ikakaa mahali pa asidi glutamiki katika nafasi ya sita ya mnyororo wa beta wa himoglobini. Mwaka 1954 Allison alionyesha kwamba mwenye nakala moja ya jeni hiyo hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Ndiyo maana jeni hiyo ni nyingi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria kuliko nyanda za juu. Basi kusema tu kwamba fulani "ana selimundu" ni kumchanganya mgonjwa, mwenye nakala mbili, na mchukuzi, mwenye moja. Wachukuzi wawili wakioana, kila mimba ina uwezekano wa robo wa kuleta mtoto mgonjwa. Mtoto huyo amepokea kwa wote wawili; lakini panapotawala lugha ya nasaba, hutafutwa ukoo mmoja wa kulaumiwa.

Haina haja kuyatupa maneno haya. Linalopasa ni kamusi za sayansi kuitenga jeni na DNA, kumpa mchukuzi jina lake, na kueleza, kando ya kila istiari, pale ufanano wake unapokoma.