Hoja Hujibiwa kwa Hoja

Wako watu huko India waitwao Madalit, na maana ya neno hilo kwa Kimarathi ni waliopondwa. Kwa karne nyingi walizuiliwa visima, mahekalu na madarasa kwa sababu ya kuzaliwa kwao tu. Katiba ya mwaka 1950 ilikataza dhulma hiyo, na mwenyekiti wa kamati iliyoiandika, Dkt. B. R. Ambedkar, alikuwa mtoto wa watu hao hao. Walakini kalamu iliyoaminiwa kuandika sheria ya nchi nzima, mara mbili ilitakiwa inyamaze.

Mara ya kwanza ni mwaka 1936. Chama kimoja cha Wahindu wapendao mageuzi, mjini Lahore, kilimwalika atoe khutuba juu ya kuvunja matabaka. Walipoisoma kabla ya siku yenyewe walimtaka apunguze maneno. Alikataa, na mkutano ukavunjwa. Akaichapisha kwa fedha zake.

Mara ya pili alikuwa amekwisha kufa tangu 1956. Mwaka 1987 serikali ya jimbo la Maharashtra ilichapisha miswada yake iitwayo "Riddles in Hinduism", yaani Mafumbo katika Dini ya Kihindu. Sehemu ihusuyo Rama na Krishna iliwaghadhibisha wengi, serikali ikaiondoa. Mapema 1988 Madalit wakaandamana kwa maelfu mjini Bombay. Ikarudishwa, pamoja na ilani kwamba serikali si lazima iyakubali maoni hayo.

Tukipime kitabu kwa insafu. Uzuri wake ni kwamba mwandishi hasemi kwa kusikia; hulichukua andiko akaliuliza kwa andiko jingine. Kasoro yake ni kwamba hakuwahi kukikamilisha, na katika sehemu ile ulimi wake ni wa wakili anayembana mshitakiwa. Mwenye kuwaheshimu hao wanaotajwa lazima ataumia, na sisi tunaochukia dini yetu kutajwa kwa dharau yatupasa tuyafahamu maumivu hayo. Lakini aliyekosea katika hoja huonyeshwa kosa lake. Kuikata kurasa hakumwonyeshi lolote, ila kwamba ameogopwa.

Na ilani ile, ndugu msomaji, ina mafunzo. Serikali ilisema: haya si yetu, lakini someni. Hilo lilitosha, nalo lingeweza kufanywa tangu mwanzo.

Mtindo wa kuziba haukwisha. Julai 2006, siku chache baada ya mabomu ya treni za Mumbai, ilitoka amri ya kufunga kurasa chache za intaneti, na makampuni yakaziba pamoja nazo kurasa nyingi za watu wasiohusika. Kisha kanuni za 2009 zikaagiza maombi ya kufunga yawekwe siri. Hapo mwandishi hajui kosa lake, wala msomaji hajui alichonyimwa.

Anayechochea watu wauane azuiwe, tena hadharani, kwa sababu zinazotajwa. Ama aliyepondwa akalia kwa ukali, kwanza na aondolewe mguu shingoni. Mficha maradhi, kifo humwumbua.